Msiba wa Shamba la Viazi

Sogeeni, sogeeni karibu na jiko, wajukuu zangu. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Anayekohoa akohoe sasa amalize. Nyamazeni kabisa, maana katika hadithi hii kuna mama aliyesikilizwa hata pumzi yake.

Hapo zamani za kale, huko juu milimani ambako baridi ikija umande huganda majanini ukawa mweupe kama chumvi, aliishi Mama Pimbi, mnyama mdogo wa miambani, mjane mwenye watoto wengi. Nyumba yake ilikuwa pangoni, na mbele ya pango alikuwa na shamba la viazi. Mwaka uliopita viazi viliisha kabla ya baridi, akazika watoto wawili. Mwaka huu aliapa hatazika tena.

Basi siku moja, viazi vikiwa vimechanua maua, ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Nyati huyo! Nyuma yake Nguruwe-mwitu, pua chini, fu-fu-fu, fu-fu-fu.

"Mjane!" Nyati akanguruma. "Shamba limependeza. Ni langu."

"Lako, mzee wangu? Umelima lini?"

"Nimelitazama. Inatosha. Leo nimekula nyasi nimeshiba, lakini mwezi ukiandama nakuja kuvuna. Ukigusa hata tuta moja kabla yangu, nakukanyaga wewe na vitoto vyako. Nguruwe atabaki hapa kulinda."

Nguruwe akacheka. "Usihofu, shemeji. Hata ukipika supu ya viazi, mimi nitainusa toka kule bondeni."

Mama Pimbi akaingia ndani. Asubuhi yake, Nguruwe alipokwenda mtoni kunywa maji, Mama Pimbi alifukua kiazi kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Ngozi ikatoka, laini kama ya mtoto mchanga.

"Mama, tuvichimbe tu tuvifiche!" akasema binti yake, Nduva.

"Vikiingia pangoni na ngozi hii, vitaoza kabla baridi haijafika katikati. Vinataka muda, mwanangu."

"Na Nyati je?"

Mama Pimbi akatazama nje shambani. Akamkumbuka Nyati alivyolitazama shamba. Hakuinama kutazama chini hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye majani tu. Mla nyasi yule! Kwake yeye kijani ndiyo chakula, na kilichokauka kimekufa.

"Nduva," akanong'ona, "unajua kulia?"

Mwezi ulipokaribia kuandama, Nguruwe alipokwenda tena mtoni, Mama Pimbi na wanawe waliingia shambani na meno yao. Kwe! Kwe! Kwe! Wakakata mashina yote usawa wa ardhi, wakayalaza juu ya matuta. Jua la mlimani likayachoma. Nguruwe aliporudi akakuta majani yamesinyaa, na jua lilipotua yalikuwa rangi ya ugoro.

"Shemeji! Shamba limepatwa na nini?"

Mama Pimbi alikuwa amekaa chini, amejipaka majivu kichwani. "Yuuuwi! Limekufa, shemeji! Limekufa! Nenda kamwite mzee!"

Kesho yake ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi!

"Nani ameua shamba langu?" Nyati akafoka, mvuke unamtoka puani.

"Ugonjwa, mzee wangu. Mimi nimefiwa hapa, na wewe unanifokea?"

Nyati akalamba jani moja kavu, akalitema. "Ptu! Kweli limekufa."

Lakini Nguruwe alikuwa anazunguka. Fu-fu-fu. Akasimama kwenye tuta. Fu. "Mzee, pua yangu inaniambia chini kuna kitu."

Nduva akaacha kulia, akakumbuka, akaanza upya.

"Chimba," Nyati akaamuru.

"La!" Mama Pimbi akasimama. "Maiti huguswa na mwenyewe. Nitachimba mimi."

Akapiga magoti. Akaingiza mkono taratibu chini ya shina. Vidole vyake vilipita kiazi kimoja kigumu, kikubwa, akakikwepa. Vikapita kingine. Alikuwa akitafuta kile alichokipanda mwenyewe, kiazi cha mbegu, mama yao wote, ambacho kikishazaa huozea palepale chini ya kila shina. Akakipata. Akakitoa, kinateleza, kinatiririka maji meusi.

"Kitu chenyewe hiki hapa, shemeji. Nusa."

"Aaakh!" Nguruwe akaruka nyuma. Lakini ni mbishi yule! Akarudi. "Hebu nami nichimbe pembeni kidogo."

Pua yake ilikuwa imeshagusa udongo.

"Chimba tu," akasema Mama Pimbi kwa huzuni. "Ila ugonjwa huu hupandia puani. Mwangalie Nduva, jana alinusa."

"Chyaaa!" Nduva akapiga chafya. "Chyaaa! Chyaaa!" Akaanguka chali.

Nguruwe akatoka mbio, pua kaifunika kwa kwato. Nyati naye akageuka.

"Mzee wangu," Mama Pimbi akamwita, "mtu huondoka msibani bila kuacha chochote?"

"Mimi sina kitu!"

"Unacho, mzee. Unatembea nacho."

Nyati akafikiri, akainua mkia. Pwata! Pwata! Pwata! Akaacha rundo pembeni mwa shamba, akaenda zake akijiona muungwana.

Mama Pimbi hakukimbilia viazi; aliviacha chini ngozi ikomae. Alichanganya samadi ile na udongo, akasia kitalu cha kabichi na vitunguu. Miche ilipochipua, akafukua kiazi, akasugua kwa kidole gumba. Ngozi ikang'ang'ania. Akasugua tena kwa nguvu. Haikutoka.

"Sasa!" akasema.

Wakachimba wote. Viazi vikaingia gizani pangoni, na kwenye matuta yaleyale wakahamishia miche, na njegere pembeni.

Baridi ikaja. Nyasi zikaganda. Nyati akapanda mlima akiwa mbavu tupu, akakuta kabichi zilizofunga kama ngumi zimeshavunwa, visiki tu vimebaki, na harufu ya viazi inatoka kwenye ufa wa mwamba.

"Mjane! Shamba si lilikufa?"

"Lilikufa juu, mzee wangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Chini hukutazama."

Nyati akapiga pembe mwambani, gwa! gwa! Mwamba haukutikisika. Mama Pimbi akamrushia majani ya nje ya kabichi, maana naye alifika msibani, akatoa chake.

Anayetaka kuvuna ajifunze kwanza kinachoendelea chini ya udongo.

Tangu hapo Pimbi na wanawe wakarithi miamba na nyufa zake. Nguruwe akarithi kufukua kila mahali, bado anakitafuta kile alichokikosa. Nyati akarithi nyasi, na zile hasira zake mnazozijua. Na Nduva, yeye alirithi shamba.

Haya, nani ananimenyea viazi?