Ukubwa wa Kikapu

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa bado na ofisi na mihuri, palikuwa na kisiwa kidogo sana. Chini yake, kwenye sakafu ya bahari, yalitapakaa mawe meusi mfano wa viazi, yenye madini ndani.

Bi Kaa alikuwa karani wa Sheha Chewa, mkuu wa samaki wa hapo. Siku hizo alibeba mayai chini ya tumbo, mengi kama mchele. Na kosa lililotokea lilikuwa lake.

Bwana Papa aliomba ruhusa ya kutafuta madini. Sheha akasema apewe, ila achukue sampuli tu, kikapu kimoja. Bi Kaa akaandika kibali hivyo hivyo: kikapu kimoja. Ukubwa hakuandika. Alikuwa na haraka, ameacha chungu jikoni.

Sasa Papa alikuwa amefika na kikapu cha kuimeza nyumba ya Sheha pamoja na ua wake.

"Hicho nacho ni kikapu?" aliuliza Sheha.

"Kina mpini," alisema Papa. "Kibali kinasema kikapu."

Sheha akamgeukia karani wake. "Umeandika nini wewe?"

"Ulichoniambia."

"Basi mzuie."

"Kwa gando lipi, Sheha?"

Papa akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Tope likapanda kama moshi wa kuni mbichi. Bi Kaa akapepea mayai yake, tope likarudi. Akapepea tena. Likiganda, watoto hawatapumua. Mayai ya pembeni yalishaanza kuwa ya kijivu.

Akakisoma kibali upya kwa jicho moja, la pili likimtazama Papa. Mstari wa mwisho ulikuwa ule anaouandika kwenye kila kibali: mwombaji atabeba sampuli mwenyewe hadi ofisini ikaguliwe, ikigusa chini njiani, kibali kimekwisha.

Akasogea ubavuubavu mpaka puani kwa Papa.

"Bwana Papa, mbona umejaza nusu?"

Papa akasita. "Si wewe uliyeambiwa unizuie?"

"Nimechoka. Jaza, uondoke. Cha pili hupati." Akapangusa jicho. "Au ni kweli alivyosema Nguva, kwamba zaidi ya hapo huinui?"

"Nguva kasema hivyo?"

"Sokoni, mbele za watu."

Nguva hakuwa amesema lolote. Alikuwa kwake amelala. Lakini Papa alijaza kikapu mpaka juu, kisha akarundika kichuguu juu yake.

"Sheha, njoo ushuhudie," aliita Bi Kaa. "Bwana Papa, utabeba mwenyewe mpaka ofisini. Kikigusa chini, kibali kimekwisha. Imeandikwa."

"Hata mpaka bara," alisema Papa, akauma mpini.

Akavuta. Kikapu kikanyanyuka shubiri moja, kisha mbili. Kikaanza kwenda. Bi Kaa akamfuata mbio, ubavuubavu. Itakuwaje akifika?

Lakini Papa, wanangu, hupumua akiwa mwendoni, na mzigo ule ulimburura nyuma. Alipopunguza mwendo, tope lake mwenyewe likamwingia mashavuni. Akakohoa kwa pua. Kikapu kikayumba, kikashuka.

Puu.

"Kimegusa," alisema Bi Kaa.

"Nilikuwa napumzika."

"Kimegusa. Sheha?"

Sheha alimwogopa Papa toka utotoni. Akautazama mdomo wake, akaona meno mawili yamebaki kwenye mpini. Samaki wote walikuwa wamekusanyika wakimsubiri yeye.

"Kimegusa," alisema, taratibu.

Bi Kaa akagonga muhuri wa kufuta, paa. Papa akaondoka mdomo wazi, kikapu kakiacha palepale.

Mama huyo alipepea mayai yake mpaka maji yakatulia. Mengi yalirudiwa na rangi yake. Machache hayakurudiwa, akayatoa. Kisha akafungua daftari la vibali, akaongeza mstari mmoja, na chungu jikoni kikangoja.

Basi, wanangu, ukimpa mkubwa ruhusa, andika na ukubwa wa kikapu.