Barua ya Msimamizi

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyompata msimamizi mmoja wa kiwanda cha biskuti, Elinami.

Mtu mwema huyu. Jumapili hakosi ibada, na kiwandani anajua majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Basi siku moja bosi akamwita ofisini.

"Yule Nasikiwa wa kwenye tanuri, mwandikie barua ya kumwachisha kazi."

Elinami akashangaa. Nasikiwa alikuwa na miaka sita pale, na katika zamu yake biskuti hazikuwahi kuungua.

"Kosa lake nini, bosi?"

"Huoni tumbo lile? Miezi mitatu nitamtafuta wapi mtu wa kushika nafasi yake?"

"Sheria hairuhusu kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba."

"Najua. Ndiyo maana utaandika uzembe."

Je, wewe ungefanyaje? Una ada za shule, una kodi ya nyumba. Elinami akaandika. Nasikiwa alipokuja kuchukua barua, Elinami akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Akajiambia, mimi natumwa tu.

Lakini Nasikiwa hakwenda nyumbani kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akafungua shauri. Siku ya kusikilizwa, wakili wa kiwanda akasimama kwa mbwembwe.

"Huyu mama athibitishe kwamba alionewa."

Mwamuzi akatikisa kichwa. "Hapana. Sheria inawataka ninyi mwajiri mthibitishe huo uzembe. Nani aliandika barua hii?"

Elinami akainuka. Bosi alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwake. Elinami akapewa barua aisome. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaishusha.

"Mheshimiwa, maneno haya niliyatunga mimi. Mama huyu hakuwahi kuzembea. Aliachishwa kwa sababu ni mjamzito."

Shauri likaishia hapo. Mwamuzi akaamuru Nasikiwa arudishwe kazini, na likizo yake ya uzazi apewe yote. Akamwonya bosi asithubutu kumgusa shahidi.

Huko nje Elinami akamfuata Nasikiwa. "Dada yangu, nisamehe. Nashukuru sheria imekusaidia."

Nasikiwa akamtazama. "Nimekusamehe, kaka. Ila sheria hiyo ilikuwepo hata siku ile ofisini, na wewe uliijua kuliko mimi. Ungekataa kuandika, nisingefika huku."



Na sisi je? Tunapenda kuomba Mungu awaondoe wakubwa wanaoonea watu. Vema, tuombe. Lakini nani anayechapa zile barua? Nani anayeweka pembeni maombi ya kazi ya kijana asiyeona, kabla hajaitwa hata kwenye usaili? Nani anayemnong'oneza bosi kwamba fulani anatumia dawa za VVU, amwangalie vizuri? Mara nyingi ni sisi, tuliokaa kwenye viti hivi, na Biblia mkononi.

Sheria tunayo, ndugu zangu, na ni nzuri. Mungu amewapa watunga sheria hekima ya kuiandika. Haina mikono lakini, wala haina mdomo. Inangoja mtu aseme, "Bosi, hii siandiki."

Kesho ni Jumatatu. Wengine wenu mtaitwa ofisini. Mkiitwa, msiandike.