Mpaka Alioutafuta Bi Mashavu

Sogeeni karibu, wenzangu, maana ngano yangu leo ni ya aibu.

Palikuwa na Bi Mashavu, mke mkubwa, na Kibibi, mke mwenziwe. Bi Mashavu alimchukia Kibibi hata akamwendea jini wa kisimani.

"Ewe jini, nitenganishe na yule. Nataka mimi niwe mimi, yeye awe yeye."

"Nenda kamtese," jini akajibu. "Nitatazama wewe unaishia wapi na yeye anaanzia wapi, kisha nitakata hapo."

Basi akaenda. Akamtilia Kibibi chumvi katika maji ya kunywa. Kinywa chake mwenyewe kikawaka chumvi. Akamwaga upupu kitandani mwa Kibibi. Akajikuna yeye hadi damu. Akamzaba Kibibi kofi. Shavu lake mwenyewe likavimba.

Akarudi kisimani mbio. "Umeniroga!"

"Sikukuroga, mama. Nimeutafuta mpaka baina yenu, sikuuona. Sasa nikate wapi?"

Bi Mashavu akarudi nyumbani. Alimkuta Kibibi jikoni, shavu limemvimba vilevile. Kibibi alipomwona akalowesha kitambaa, akaanza kumkanda.

"Pole, dada."

Kila alipomkanda, shavu lake Kibibi nalo likanywea.

Bi Mashavu akashindwa kumtazama usoni. "Upupu niliutia mimi," akasema.

"Najua, dada. Nilikuona ukijikuna."

Bi Mashavu akajifunika kanga uso mzima, akalia. Na machozi yakamtiririka Kibibi.

Hapo ndipo nilipowaacha, wenzangu, nami sina la kuongeza.