Pimbi Aliyehama na Mlango Wake

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Nyie wa kule nyuma mnatafuna nini? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mji, mji ukapata mlango, mlango ukakosa ukuta!

Haya, sasa mmeamka. Lakini kwanza niwaombe radhi, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Bibi yangu alipoisimulia, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikiisimulia mimi, watu hukumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni. Sauti yangu ni ya mbuzi aliyemeza kopo, na kumbukumbu zangu zina matundu kama kung'uto la tui. Basi mkiona nimeruka mahali, rukeni na mimi. Mkiona nimeanguka, msicheke kabla sijainuka.

Hapo kale palikuwa na miji miwili mikubwa. Mmoja Makelele, wa pili Moshini. Watu wa Makelele hawakulala, watu wa Moshini hawakuonana. Katikati yake palikuwa na kijimji kidogo, kimejikalia zake kando ya mto, kikiitwa Vumbini. Vumbini kulikuwa karibu na kote kuwili. Ukiinjika maharage Vumbini, ungeweza kwenda Makelele kununua chumvi, ukarudi, ukayakuta maharage bado magumu.

Sasa, Makelele alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mfupi, mnene kidogo, mkia hana, lakini akipita njiani utadhani anayo mikia mitatu na yote ameitupia begani. Pimbi alikaa na mumewe na watoto wao katika chumba kimoja chini ya ngazi za ghorofa. Juu yao watu wanapanda, gu-gu-gu. Juu yao watu wanashuka, gu-gu-gu. Na jua? Jua liliingia kwa kitundu kimoja tu, likatua sakafuni, kipande kama kisahani cha chai. Watoto wakapokezana.

"Mama, zamu yangu!"

"Mama, Kokoto amelalia jua langu!"

Na pimbi asiyeota jua ni kama uji uliopoa: upo, lakini nani anautaka? Siku moja Pimbi akamkuta kitinda mimba wake anatetemeka adhuhuri, meno ka-ka-ka, wakati nje mji mzima unatoka jasho. Moyo ukamkata. Akasema, "Baba Kokoto, tuhamie Vumbini."

Mumewe akashtuka. "Vumbini? Porini kule? Mtoto akiumwa?"

"Makelele ni hapo, tutamleta."

"Shule?"

"Moshini ni hapo, atakwenda."

"Na mimi nikitamani kachori?"

"Utatamani taratibu mpaka ufike."

Basi Pimbi akaenda sokoni kuulizia. Akamkuta Punda ameleta makabichi kutoka Vumbini, mzigo mrefu kuliko yeye.

"Kaka Punda, habari za Vumbini?"

"Nzuri, dada. Hewa nzuri. Maji matamu. Na pale juu kuna jiwe kubwa, linapata jua tangu asubuhi mpaka jioni."

Moyo wa Pimbi ukafanya pa! "Na mbona wewe umekonda?"

Punda akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mimi nimeponzwa na adabu yangu, dada. Kule kuna Mzee Kiboko. Anasimama njiani anaita, 'Karibuni, mji mtulivu, miji miwili pembeni!' Ukifika kwake unabisha hodi, naye anakukaribisha. Siku ya kwanza unakula. Siku ya pili unakula. Siku ya tatu anakupa jembe. 'Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,' anasema, 'au kwenu hamkufunzwa?' Basi unalima shamba lake."

"Unalima mpaka lini?"

"Mpaka uwe mwenyeji."

"Mwenyeji unakuwa lini?"

"Ukiwa na mlango wako mwenyewe. Ndiyo sheria yake: mwenyeji ni mwenye mlango."

"Na mlango unaupata lini?"

"Ukimaliza kulima."

"Na kulima kunaisha lini?"

Punda akafikiri. Masikio yakasimama, yakalala. "Hilo hatujawahi kumuuliza. Tungeonekana wageni wasio na adabu."

"Na yeye nyumba yake ina mlango?"

"Ina uwazi tu, mpana kama wa ghala. Seremala gani atapata ubao wa kulitosha tumbo lile? Hodi tunapiga kwa mdomo."

Pimbi akarudi nyumbani, akamsimulia mumewe yote. Baba Kokoto akashusha pumzi. "Basi shauri limekwisha. Hatuhami."

Pimbi akawatazama watoto wanaogombea kisahani cha jua. Kukaa? Kuhama? Kukaa? Kuhama? Mwisho akasimama, akajinyoosha mpaka akawa mrefu karibu kama kiatu.

"Baba Kokoto, mimi ni pimbi, mtoto wa pimbi, mjukuu wa pimbi. Babu zangu walikaa juu ya mawe, wakamtazama simba akiwa chini yao. Siwezi kukaa chini ya ngazi nikatazama nyayo za watu. Ng'oa mlango."

"Mlango?"

"Si tuliununua wenyewe? Chumba tulikikuta na pazia. Ng'oa!"

Wakang'oa mlango na fremu yake. Baba Kokoto mbele, Pimbi nyuma, watoto wamekaa juu kama abiria. Watu wa Makelele wakawacheka, "He! Hao wanahama au wanaiba?"

"Tunahama!" akajibu Pimbi, pua juu. "Nyumba inatufuata!"

Wakafika Vumbini jua la utosi, saa ambayo Kiboko amezama mtoni asiungue ngozi. Wakachimba kando ya lile jiwe, chimba-chimba-chimba, wakasimamisha fremu, wakatia mlango, wakaufunga. Mlango ukasimama peke yake pale uwandani. Ukuta hakuna. Paa hakuna. Kulia upepo, kushoto upepo.

Punda na wenzake wakainua vichwa kutoka shambani. "Dada, ndiyo nyumba hiyo?"

"Ndiyo. Wengine huanza na msingi. Sisi tumeanza na heshima."

Kisha Pimbi akabandika kikaango nyuma ya mlango wake, akaanza kukaanga vitumbua. Chwaaa! Akatia iliki. Chwaaa! Harufu ikashuka bondeni, ikafika mtoni, ikagonga matundu mawili ya pua yaliyotokeza juu ya maji.

Puuu! Kiboko akaibuka.

Akapanda bonde, gubu, gubu, gubu, anajiimbia:

*Gubu gubu, tumbo latangulia,*
*Gubu gubu, mimi nafuatia.*

Akafika. Akauona mlango. Akauona mvuke wa vitumbua unapita kulia na kushoto ya mlango. Angeweza kuzunguka, hatua moja tu. Akainua mguu azunguke.

"Nani huyo anayetaka kupita ukutani?" akauliza Pimbi kutoka nyuma ya mlango.

"Ukuta uko wapi?"

"Haya, Mzee Kiboko, zunguka. Kila siku unawaambia wageni hawana adabu. Leo wote wako pale wanakutazama wakuone ya kwako."

Kiboko akageuka. Shamba zima lilikuwa limesimama, kila mmoja ameegemea jembe lake. Kiboko akakohoa. Naam, alikuwa mlafi, lakini alikuwa na majivuno makubwa kuliko tumbo. Akaurudisha mguu, akakunja ngumi.

Ngo, ngo, ngo. "Hodi!"

Kimya. Chwaaa!

"Hodi!"

Kimya. Chwaaa!

"Hodiii, jamani, mate yananidondoka!"

Mlango ukafunguka, nyiii. Pimbi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, "Karibu! Karibu, mgeni wetu!"

Siku ya kwanza Kiboko akala. Nyamu, nyamu. Siku ya pili Kiboko akala. Nyamu, nyamu. Baba Kokoto akaingiza mkono kwenye gunia la unga, akaukuta mkono umegusa chini. Akamnong'oneza mkewe, "Mama Kokoto, kwisha. Tumebaki sisi tu wa kuliwa."

"Tulia," akasema Pimbi. Lakini, nawaambia nyie tu, akalikung'uta gunia mara mbili kuona kama kuna chembe iliyobaki.

Siku ya tatu Kiboko akafika asubuhi. "Hodi! Chai iko wapi?"

"Karibu. Hii hapa." Pimbi akaleta sinia, limefunikwa kawa vizuri. Kiboko akafumba macho, akafungua kinywa, wote mnajua kinywa chenyewe. Pimbi akafunua kawa. Kiboko akauma, kacha! Akafumbua macho. Jembe.

"Nini hii?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Au kwenu hamkufunzwa?"

Kiboko akacheka, ho-ho-ho, majani yakapeperuka. "Wewe kitu kisicho na mkia! Mimi ndiye mwenyeji wa mji huu!"

"Mkia wa nini? Niukalie?" akajibu Pimbi. Akapanda juu ya jiwe, akawageukia watu wa shambani. "Jamani, nani aliyebisha hodi?"

"Kiboko!"

"Nani aliyesema karibu?"

"Pimbi!"

"Mwenyeji ni nani?"

"Mwenye mlango!"

"Kiboko ana mlango?"

Wakatazamana. Ilikuwa kama wameamshwa. Punda akasema polepole, "Ana... uwazi."

Kiboko akavimba. "Nitauvunja mlango huo niutafune!"

"Utafune," akasema Pimbi, ingawa sauti ilimpanda kidogo. "Ukiuvunja, umevunja sheria yako ya mlango, na hawa wote wataangusha majembe leo. Usipouvunja, sheria imesimama, na wewe ni mgeni wa siku ya tatu. Chagua, mgeni wetu."

Kiboko akatazama mlango. Akatazama makabichi yake, safu kwa safu. Akawatazama watu, na watu walikuwa na majembe mkononi, na mara hii hawakuwa wameyaegemea. Mlafi hawezi kuacha shamba. Akalichukua jembe.

"Nitalima mpaka lini?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

Shamba zima likajibu kwa pamoja, "Mpaka uwe mwenyeji!"

Akalima. Gubu, gubu, gubu. Kumbe mtu mwenyewe ana nguvu! Mpaka jioni alikuwa amelima kuliko wote walivyolima msimu mzima. Ngozi ikamuungua kwa jua, ikawa nyekundu. Mwisho akatupa jembe, akakimbia, akajitupa mtoni, chubwi! Mpaka leo kutwa hatoki majini. Anatokeza macho na pua tu, anachungulia kama bado kuna mtu ameshika jembe.

Punda akamwendea Pimbi, ameinamisha masikio. "Dada, na sisi? Wewe una mlango. Sisi bado wageni."

Pimbi akaung'oa mlango wake pamoja na fremu. "Chukua. Usimamishe kwenye kiwanja chako, mimi nije nibishe hodi. Ukishasema karibu, wewe ni mwenyeji. Kisha mpe jirani."

Basi mlango ule ukatembea Vumbini nzima. Leo kwa Punda, kesho kwa Nyumbu, keshokutwa kwa Kanga. Kila unaposimama, Pimbi anakwenda amejitanda nguo yake nzuri, anabisha hodi, na mtu aliyeinama miaka anajinyoosha na kusema "Karibu" mpaka machozi yanamtoka. Mji mzima ukapata wenyeji kwa mlango mmoja. Na watu wa Makelele walipokuja na kuuliza, "Nani mkubwa hapa?" walijibiwa, "Mkubwa wa nini? Bisha hodi kwa yeyote."

Na juu ya jiwe, watoto wa Pimbi wakalala chali, tumbo juani, wametawanyika kama vitumbua vilivyoanikwa. Kokoto akasema, "Mama, zamu ya nani?"

"Zamu ya wote," akasema Pimbi, akafumba macho.

Hadithi imefika kizingitini, nami naishusha begani. Iliyonoga, ifungeni mwende nayo. Iliyochacha, niachieni nipashe moto kesho.

Na funzo? Funzo lipo, tena zito. Funzo ni kwamba msihame. Kaeni hukohuko mijini, chini ya ngazi zenu. Vijimji vya pembeni havina maana: hewa ni nyingi mno, jirani anakusalimia kabla hujanawa uso, na jua linaingia mpaka chumbani bila ruhusa. Hakuna cha kufuata huko. Nasema kweli kabisa, mimi ninayeishi huko.

Lakini nawaona mnavyotazamana. Nawaona mnavyoulizana viwanja. Basi mkija nyote, kijimji changu kikajaa, kelele zikaanza, na jirani akauliza nani kawaleta hawa, msimsingizie Pimbi. Pimbi alinyamaza, akaota jua lake. Ni mimi, na mdomo wangu huu.