Macho ya Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!
Niilete ilivyo, au niipunguze makali?
Ilete ilivyo!

Hapo kale wanyama walifungua chuo cha watoto wao, wakamwita Kasuku kutoka mji wa mbali aje kusomesha. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Sikudhani, binti Paa. Kwa kina Paa, mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Ndivyo alivyolelewa bibi, ndivyo alivyolelewa mama, naye ndivyo alivyolelewa.

Asubuhi moja Kasuku akakuta kikapu chake cha karanga kitupu. Akawapanga watoto mstari.

"Nitazameni! Mwenye kuinamisha macho ndiye mwizi!"

Kima akamkodolea macho bila kupepesa. Kasuku akampita. Ngiri naye akamkodolea, akampita. Akafika kwa Sikudhani, akakuta kope zimeshuka.

"Umekula karanga zangu?"

"Sikula, Mwalimu."

"Nitazame! Umekula?"

"Sikula, Mwalimu."

"Nitazame, au utoke usirudi! Umekula?"

Sikudhani akawaza. Kutazama tu kungeyamaliza yote. Lakini amkazie macho mkubwa kama anayetaka ugomvi, kisha jioni arudi kwa mamake na uso gani? Hasira ikampanda.

"Sikula, sikutazami, na sitoki!" akasema, macho chini, sauti juu. "Kwetu macho hushuka kwa heshima. Ulimi haushuki. Umetukagua macho, Mwalimu, hukutusikiliza. Kima hujamuuliza hata neno!"

Kasuku akageuka. "Kima! Umekula karanga zangu?"

Kima akakodoa macho. Kimya.

"Umekula?"

Kimya.

"Umekula?"

"Mmh..." Kima akafumbua kinywa, karanga zikamwagika kutoka mashavuni, pa! pa! pa!

Watoto wakacheka hata Ngiri akaanguka chali. Kasuku manyoya yakamsinyaa.

"Nisamehe, binti Paa. Haya, sasa nitazame."

"Nimekusamehe, Mwalimu," akasema Sikudhani, macho chini vilevile. Akaenda zake, akaketi mstari wa mbele.

Basi jueni, mtoto huja chuoni na lugha ya kwao, ya mdomo na ya uso. Asiyeijua aulize kabla ya kuhukumu.

Hadithi imefika kwao, nami koo limekauka. Na wewe unayekoroma hapo nyuma, kesho usituambie ulikuwa unafikiri!