Ndezi Aliyemega Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Nani kawakimbiza? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye ndizi, mmegee mwenzako kwanza, kisha usikilize vizuri, maana leo kumega ndiko kutakakotutia taabani.

Zamani, zamani sana, wanyama waliishi kwenye mteremko wa mlima mmoja. Asubuhi moja, watu wanakoka moto, ardhi ikatikisika. Gudu-gudu-gudu! Vyungu vikacheza mekoni. Gudu-gudu-gudu! Kuta za mawe na matope zikapasuka. Pwaa! Nyumba zikalala. Vumbi lilipotulia, mlima mzima ulikuwa unalia.

Ndezi, yule mnyama wa majanini mwenye meno makali ya mbele, alitoka na watoto wake watatu. Mumewe hakutoka. Walimfukua, wakamzika.

Jirani yake alikuwa Nungunungu. Naye alibaki na mtoto mmoja tu, binti mdogo aitwaye Kamwiba. Wote wakahamia chini ya majani ya migomba. Jua lao, mvua yao.

Basi likaja kundi la korongo kutoka mbali. Ndege wakubwa, miguu mirefu, roho nzuri. Kilio walikuwa wamekisikia. Wakasema, "Tutawasaidia mjenge upya. Lakini hatutaki tena nyumba za kuua watu." Wakaleta mianzi, wakaleta kamba, wakaleta na fundi. Fundi mwenyewe alikuwa Mnana, ndege mdogo wa manjano, yule anayefuma kiota kikaning'inia tawini, upepo ukavuma na kisidondoke.

Korongo mmoja akapita kuandika majina ya waliobomokewa. Alipita siku moja tu. Siku hiyo Nungunungu alikuwa bondeni, anachimba mizizi ili Kamwiba ale. Korongo akakuta majani ya migomba na hakuna mtu. Akaenda zake. Jina la Ndezi likaandikwa. La Nungunungu halikuandikwa.

Mnana akamkabidhi Ndezi vifaa vyake.

"Sikiliza, mama. Nguzo ni kumi na mbili. Kila nguzo kamba mbili, moja chini, moja juu. Halafu huu hapa ni mkanda. Unaizunguka nyumba yote juu ya kuta, mpaka unakutana na mwanzo wake, hapo unaufunga. Paa ni nyasi. Ardhi ikicheza, nyumba nayo icheze. Umeelewa?"

"Nimeelewa, fundi."

"Hata kamba moja isipungue."

"Haitapungua."

Purr! Mnana akaruka kwenda kuwafundisha wengine. Nyumba zilikuwa nyingi, fundi alikuwa mmoja.

Sasa niwaambie desturi ya mlima ule. Ukipata kitu, unamega. Uyoga ukiuokota, nusu ni ya jirani. Kiazi ukikichimba, nusu ni ya jirani. Mtoto alifundishwa kumega kabla hajafundishwa kutembea. Aliyekula peke yake hakusalimiwa, na siku akifiwa, alizika peke yake.

Nungunungu akaja kupongeza. Kamwiba yuko mgongoni. Alimbebaje na miiba ile, msiniulize mimi.

"Hongera, shoga. Watoto watapata pa kulala."

Hakuomba. Afadhali angeomba! Alisimama tu, akazitazama zile nguzo, akatazama pembeni. Ndezi akaona aibu.

"Shoga, chukua nguzo sita."

"Mimi? Mimi sikuandikwa."

"Tangu lini mimi na wewe tunaandikiana? Chukua. Na kamba kumi na mbili."

Ukabaki mkanda. Mkanda ulikuwa mmoja. Ndezi akautia menoni. Krr, krr, krr... kap! Nusu kwa nusu.

Mnasema ana roho nzuri? Hata mimi nilisema hivyo nilipohadithiwa.

Wakajenga. Nguzo sita huku, nguzo sita kule. Wakakandika udongo, wakapaka chokaa. Nyumba zikapendeza! Ukisimama nje, utajuaje mna nguzo ngapi ndani?

Mnana akarudi kukagua. "Mama, umefunga zote?"

Ndezi akawaza. Akisema kweli itakuwaje? Korongo wataichukua nyumba? Watamwita mwizi mbele ya watoto wake?

"Zote nilizonazo nimezifunga, fundi."

Mnana alikuwa na haraka. Akagonga ukuta, ko-ko, akaenda.

Tangu siku hiyo Ndezi hakupata raha. Ardhi haikuwa imemaliza. Kila siku ilitetemeka kidogo, ti-ti-ti, ikanyamaza. Ti-ti-ti, ikanyamaza. Kila ikitetemeka, Ndezi aliwatoa watoto ndani mbio.

"Tokeni nje! Haraka!"

"Mama, kuna nini?"

"Kuna jua zuri."

Kesho yake, ti-ti-ti. "Tokeni nje!"

"Mama, mvua inanyesha."

"Ni mvua nzuri. Tokeni!"

Chini ya paa ukatokea ufa, mwembamba kama sharubu. Ndezi akauziba kwa udongo. Asubuhi ufa umerudi. Akauziba. Ukarudi.

Siku moja akakutana na Nungunungu kwenye shimo la udongo. Kila mmoja kabeba kikapu.

"Udongo wa nini, shoga?"

"Wa jiko langu. Na wewe?"

"Wangu pia wa jiko."

Uongo mtupu! Majiko yote mawili yalikuwa mazima. Ndezi hakutaka kuisema vibaya zawadi aliyoitoa. Nungunungu hakutaka kuonekana hana shukrani. Wakabeba udongo wao, wakarudi kila mmoja na hofu yake.

Kisha Kamwiba akashikwa na homa. Mvua inamwagika, mtoto hawezi kulazwa nje. Nungunungu akaja mbio, miiba imesimama.

"Shoga, nisamehe. Kamwiba yuko ndani, na kuta zinalia kaa! kaa! Nyumba uliyonipa naipenda, lakini naiogopa."

Ndezi akaketi chini, pwata.

"Na mimi yangu naiogopa."

Wakamfuata Mnana. Ndezi akasema yote: nguzo, kamba, na ule uongo wa siku ya kukagua.

"Na mkanda?" Mnana akauliza.

"Nimeukata. Kwa meno yangu haya."

Mnana akayatazama meno hayo. "Mama, umetega mitego miwili, ukawalaza watoto ndani yake."

"Utawaambia korongo?"

"Nitawaambia. Lakini sasa hivi, nyumba ipi tunaibomoa?"

"Yangu!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wakabishana pale pale mvuani. Mwisho Ndezi akasema, "Mtoto wako hawezi kubebwa. Tunabomoa yangu." Akaenda akaanza kuibomoa kwa mikono yake, nyumba iliyoandikwa jina lake.

"Mama, tutalala wapi?" watoto wakalia.

"Kwa mama Kamwiba. Bebeni kamba."

Wakatoboa kuta za Nungunungu, wakachimba, wakasimamisha nguzo katikati ya nguzo. Vuta! Kaza! Vuta! Kaza! Ti-ti-ti, ardhi ikasema chini ya miguu yao. Vuta! Kaza! Mnana akachukua vipande viwili vya mkanda, akavifunga mafundo anayoyajua yeye mwenyewe, akauzungusha juu ya kuta mpaka ukakutana na mwanzo wake.

Kisha akapita nyumba kwa nyumba. "Nani mwingine amemega?"

"Zote zimefungwa, fundi."

"Zote zimefungwa."

Mhanga, mchimbaji wa kucha ndefu anayekaa chini ya mteremko, alicheka kabisa. "Fundi, mimi na mke wangu ni watu wa kupunguza kamba?"

Ndezi alikuwepo, na alikuwa anajua. Kwa macho yake alimwona Mhanga akimpa kaka yake nguzo. Lakini atamwumbuaje jirani mbele ya mkewe? Akanyamaza.

Siku ya tatu, mchana, viazi viko chunguni, wote sita wako ndani. Gudu. Ndezi akainua kichwa. Gudu-gudu. "Shikaneni!" Gudu-gudu-gudu-gudu!

Nyumba ikaenda kushoto, nyeee! Ikarudi kulia, nyeee! Udongo ukabanduka, chokaa ikawamwagikia vichwani. Nungunungu kamlalia Kamwiba. Ndezi kawakumbatia wake watatu, macho kafumba, anahesabu nguzo kwa sauti, moja, mbili, tatu, anakosea, anaanza tena. Nyeee! Nyeee!

Kimya.

Nguzo zote kumi na mbili zimesimama. Wakatazamana, weupe kwa chokaa. Kamwiba akaomba maji.

Ndipo kilio kikasikika kutoka chini. Nyumba ya Mhanga ilikuwa imelala. Mhanga alikuwa anachimba. Hakuna aliyejua kuchimba kumshinda Mhanga, na alichimba kwa nguvu zake zote, na alichelewa. Mkewe walimtoa, hapumui.

Ndezi alilia akaumia kifua. "Ningesema! Neno moja tu, ningesema!"

Akajifuta uso. Akaenda mlango wa kwanza, akapiga hodi.

"Mimi ni Ndezi. Nilikata mkanda wa nyumba, nikamdanganya fundi. Nyumba yangu nimeibomoa. Na wewe je?"

Kimya ndani. Ndezi hakuondoka. Akapiga hodi tena. Mlango ukafunguka kidogo, Ngiri akachungulia, macho chini.

"Nilimpa shemeji nusu."

"Tokeni, basi. Tokeni wote."

Mlango wa pili. Wa tatu. Siku hiyo familia kumi na moja zilitoka kwenye nyumba za nusu. Zikaunganisha nguzo, zikabanana kwenye nyumba chache zilizo nzima, zikiwangoja korongo.

Korongo wakarudi. Mnana akawasimulia. Ndezi akasubiri kuitwa mwizi. Mkubwa wao akainamisha shingo yake ndefu, akasema, "Na sisi tumekosa. Tuliandika tuliowakuta, hatukuuliza nani hayupo." Wakaandika upya, na safari hii waliwangoja walioko bondeni mpaka wakapanda.

Nungunungu akaandikwa. Ngiri akaandikwa. Ikafika zamu ya Mhanga.

"Nyumba ya watu wangapi?" Korongo akamwuliza.

"Wawili," Mhanga akasema.

Akatazama kucha zake.

"Mmoja."

Wanangu, na nyinyi wazazi mliokaa nyuma mkijifanya mmesinzia, funzo lake ni hili. Chakula megeni. Nguo megeni. Nguzo za nyumba msizimege. Mwenzako akiwa hana nyumba, mwingize ndani ya yako, mbanane. Ukiona kamba imepungua, sema, hata kama utaona haya. Na wewe unayekuja kusaidia, kabla hujafunga daftari lako, uliza nani hayupo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe nzima.