Apewaye Mwanzo Bila Upana

"Apewaye mwanzo bila upana humwagilia kwa jirani." Nimesema hivyo nikitazama programu yenu, vijana, na onyo la kompyuta mlilolizima, mkacheka, kisha mkauliza msemo umetoka wapi. Ulitoka kwenye skimu moja ya mpunga, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Malango ya maji kule yaliendeshwa na kompyuta. Mwandishi wa programu, kijana Ambakisye, aliweka zamu za maji kwenye jedwali: kila safu ya majaruba, vile vishamba vya mpunga, ikawa safu moja ya jedwali. Jedwali hilo akalikabidhi kwa kipande kingine cha programu, ambacho kazi yake ni kufungua malango. Sasa, katika lugha ya kompyuta iitwayo C, kipande kama hicho hakipewi jedwali zima. Huonyeshwa tu linapoanzia. Ndani ya kompyuta safu zote zimelala kwenye mstari mmoja, kama shanga uzini, na usipokiambia upana wa safu hakijui ya pili inaanzia wapi.

Mwaka ule kila safu iliongezwa jaruba la saba. Kipande cha malango kikabaki kinahesabu sita, hivyo kila safu baada ya ile ya kwanza kikaisoma kuanzia mahali pasipo pake, na zamu ya mmoja ikaenda kwa mwingine.

Safu ya kwanza ilipata maji vizuri, nayo ilikuwa ya wanakamati wa skimu. Kule mwisho, jaruba la Bi Atupele, mjane, lilipasuka kwa ukavu, na mpunga wa jirani yake Lwitiko, ulioiva tayari, ukaozea majini. Kamati ikamwambia Atupele ameharibu lango, hivyo jaruba lake atapewa mwingine.

Nilikuwa nimeitwa kukagua mitambo. Nikamuuliza Ambakisye mbele yao:

"Kipande cha malango umekiambia safu ina majaruba mangapi?"

"Sita."

"Na yako mangapi?"

Akainama. "Saba."

"Kompyuta haikukuonya?"

"Ilionya, mzee. Nikalizima lile onyo. Nilijaribu safu ya kwanza, ikawa sawa."

Mwenyekiti akasema basi, hitilafu ndogo, mama arudishiwe jaruba, yaishe. Ndogo, na mama wa watu kapoteza chakula cha mwaka.

Atupele akasimama. "Jaruba mnanirudishia. Mpunga je? Mashine yenu mmeionyesha shamba linapoanzia, upana hamkuiambia, ikanimwagia maji yangu kwa Lwitiko. Na ninyi wa safu ya kwanza mngejulia wapi?"

Mpunga wake haukurudi.

Kwa hiyo hilo onyo mlilolizima, liwasheni. Andikeni upana, halafu mjaribu safu ya mwisho kabla ya kuja kwangu. Apewaye mwanzo bila upana humwagilia kwa jirani.